Kufundisha Habari za Vita

Msomaji, katika mafunzo yote yatolewayo shuleni, hakuna lililo jepesi kusikilizwa na zito kufundishwa kama habari za vita. Ni jepesi kusikilizwa kwa sababu vita vina mashujaa na mahaini, mavizio na mapigano, kushinda na kushindwa, na mambo hayo humvuta kijana kama sumaku ivutavyo chuma. Ni zito kufundishwa kwa sababu vita vikiisha huacha nyuma watu wa namna mbili: wale wasemao kuwa walipigania haki, na wale wasemao kuwa walidhulumiwa. Aghalabu watu hao huishi katika nchi moja, hununua sokoni pamoja, na watoto wao hukaa dawati moja. Mwalimu asimamaye mbele ya watoto hao hana budi kuyapima maneno yake kama mwuza dhahabu apimavyo mali yake.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari jijini Eldoret. Umri wangu umevuka miaka thelathini, nami nilijifunza kazi hii katika chuo cha ualimu. Huko tulifundishwa namna ya kuandaa somo, kugawanya dakika arobaini, kuandika ubaoni kwa hati inayosomeka na kuuliza maswali yanayowaamsha wanafunzi. Mafunzo hayo yananifaa kila siku. Lakini mengi ninayoyajua juu ya kufundisha habari za vita nimeyapata darasani, kwa wanafunzi wenyewe, na hayo ndiyo ninayotaka kukueleza.

Kwanza ufahamu mahali ninapofundishia. Eldoret ni mji uliozaliwa na ulowezi. Walowezi wa Kikaburu kutoka Afrika Kusini walifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, na mji ukaanzishwa juu ya shamba lililokuwa na nambari 64. Ndiyo maana wazee waliuita Sisibo. Ardhi yote ya hapa ilihesabiwa kuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengwa kwa ajili ya Wazungu. Hata jina la Uasin Gishu si la Wazungu wala la Wanandi, bali ni la kabila moja la Wamaasai waliolisha ng'ombe wao hapa katika karne ya kumi na tisa. Baada ya uhuru watu walikuja kutoka kila upande, wakanunua mashamba, wakafungua maduka, wakafanya kazi viwandani. Kwa hiyo leo nikiita majina asubuhi, huitika Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakisii, Waturkana, Wasomali na Wahindi. Hapana jambo lolote la historia ya Kenya niwezalo kulitaja pasiwe na mtoto ambaye jamaa zake waliguswa nalo.

Vipo vita ambavyo watu wamekwisha kupatana juu ya maana yake. Katika sehemu zetu hizi, nikisema kwamba Koitalel arap Samoei aliwaongoza Wanandi kuupinga utawala wa Waingereza tangu mwaka 1895, na kwamba aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na afisa Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani, hapana mwanafunzi atakayebisha kuwa alikuwa shujaa. Adui alitoka mbali, na waliopigana walijulikana. Vita vilivyo vigumu kufundisha ni vile ambavyo ndugu walisimama pande mbili, na katika nchi yetu mfano mkubwa wa vita hivyo ni vya Mau Mau.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya, na hali hiyo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Chanzo kikubwa kilikuwa ardhi. Waafrika walikuwa wamebanwa katika maeneo yao, hali mashamba mapana ya walowezi mengine yalikaa bila kulimwa. Wengi walikwenda kuishi katika mashamba hayo kama maskwota, wakitoa kazi yao ili wapate kipande cha kulima, na kila mwaka kipande hicho kilipunguzwa. Mjini ulikuwako ujira mdogo, kodi na ubaguzi. Wapiganaji walikula kiapo, wakaingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Serikali ikaleta wanajeshi kutoka Uingereza, ikatumia askari wa KAR na polisi, na ikawapa silaha Wakikuyu wengine walioitwa homgadi. Hivyo Mwafrika alikuwa msituni, na Mwafrika alikuwa nje ya msitu akimwinda mwenziwe.

Somo langu la kwanza juu ya vita hivi huwa ni la majina. Huandika ubaoni, mstari mmoja chini ya mwingine: Mau Mau, magaidi, wapigania uhuru, Jeshi la Ardhi na Uhuru, maasi, Hali ya Hatari. Kisha huwauliza wanafunzi: je, ni nani angetumia jina hili, naye angekuwa amesimama wapi? Hapo huanza kuona kwamba jina la vita ni hukumu iliyotolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa. Aliyesema "Hali ya Hatari" alitaka ionekane kuwa kazi ya serikali ilikuwa kuleta utulivu. Aliyesema "Jeshi la Ardhi na Uhuru" alitaka ijulikane sababu ya kupigana. Na watu hao wote wawili walikuwa wakisema juu ya usiku mmoja na risasi moja.

Majina hubadilika pia kwa jinsi nyakati zinavyobadilika. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957 kama mhalifu. Baada ya miaka hamsini kamili, tarehe 18 Februari 2007, sanamu yake ilifunuliwa katikati ya Nairobi kama shujaa wa taifa. Mtu alikuwa yule yule, na matendo yake yalikuwa yale yale. Kati ya siku hizo mbili palikuwa na kimya kirefu. Viongozi wa kwanza wa Kenya huru waliwahimiza wananchi wasahau yaliyopita, na marufuku iliyowekwa na wakoloni juu ya Mau Mau haikuondolewa mpaka mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Fikiri basi, msomaji: mpiganaji aliyetoka msituni akiwa na miaka ishirini na mitano, siku alipoweza kusema hadharani bila kuvunja sheria kwamba alikuwa Mau Mau, alikuwa amekwisha kuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini.

Baada ya majina huja mashahidi. Mwanafunzi hupenda kuamini kwamba lililoandikwa ni kweli, na lililosemwa tu ni uvumi. Kwa ajili hiyo huwafundisha habari za Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa kumi na mmoja walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofanywa ilionekana kwamba walikuwa wamepigwa na askari wa kambi mpaka wakafa, kwa sababu walikataa kufanya kazi. Jambo hili lilifika mpaka Bunge la Uingereza, likawafanya wengi huko waanze kuuliza kama utawala wa namna hiyo ulistahili kuendelea. Nikimaliza kuwasomea, huwauliza wanafunzi: ikiwa taarifa ile ya maji ingekuwa ndiyo karatasi pekee iliyobaki, ninyi mngeandika nini katika mtihani?

Wala si karatasi zote zilizobaki. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba majalada mengi ya makoloni, yakiwamo ya Kenya, yalikuwa yamefichwa Uingereza katika jumba la serikali huko Hanslope Park kwa karibu nusu karne. Majalada hayo yaliwasaidia wazee wa Kenya waliokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilitamka Bungeni kwamba inasikitika kwa mateso yaliyotendwa, ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na kugharimia mnara wa ukumbusho, uliofunuliwa katika Uhuru Park tarehe 12 Septemba 2015. Kwa miaka mingi wazee hawa walisimulia makovu yao, wakaambiwa kuwa hapana ushahidi, nao ushahidi ulikuwa umewekwa kabatini.

Lakini mwalimu akiishia hapo atakuwa ametoa nusu ya somo. Katika habari za Lari, karibu na Limuru, usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji walizichoma nyumba za homgadi na jamaa zao. Watu zaidi ya sabini waliuawa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Usiku ule ule na siku zilizofuata, homgadi na vikosi vya serikali walilipa kisasi, wakaua wengine wengi, na wanahistoria waliolichunguza jambo hili wanasema kuwa idadi ya pili iliizidi ya kwanza. Dunia iliionyeshwa mauaji ya kwanza, ikafichwa ya pili. Nami huona kwamba darasani mambo hugeuka: wanafunzi huyashika upesi mauaji ya pili, wakatamani kuyaruka yale ya kwanza, kwa sababu yanamtia doa shujaa wao. Siwaruhusu kuruka. Chini ya mauaji hayo yote palikuwa na ugomvi wa ardhi wa zaidi ya miaka kumi, baada ya watu walioondolewa Tigoni kuwapisha Wazungu kupewa ardhi ya Lari, wengine wakiipokea na wengine wakiikataa. Mtoto akilijua hilo hawezi tena kusema kwamba watu waliuana kwa sababu ya ushenzi, kama walivyosema walowezi, wala kwamba kila aliyeuawa alikuwa msaliti.

Hapa lazima nieleze neno moja ambalo vijana hulichanganya, nalo ni usawa. Wako wadhanio kuwa mwalimu mwadilifu ni yule asemaye kwamba pande zote mbili zilikosa sawa sawa. Huo si uadilifu. Mwenye mizani ya haki hatii uzito mmoja katika kila kitanga. Yeye hutumia mizani ile ile kwa wateja wote, akasema uzito ulioonekana. Tupime basi. Serikali ya kikoloni yenyewe ilihesabu wapiganaji zaidi ya 11,000 waliouawa, Waafrika wapatao 1,800 waliouawa kwa kuwa upande wa serikali au kudhaniwa kuwa upande huo, na walowezi wa Kizungu 32. Watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Tangu Juni 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu, wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miba. Mtaalamu wa hesabu za watu, John Blacker, aliyezichunguza sensa za miaka ile, alikadiria mwaka 2007 kwamba vifo vilivyoletwa na vita hivi vilifika karibu 50,000, na kwamba nusu ya waliokufa walikuwa watoto wasiozidi miaka kumi. Hawa hawakula kiapo wala hawakushika bunduki. Walikufa kwa njaa na maradhi katika vijiji vile.

Nikiyaandika haya ubaoni darasa hunyamaza. Mwanafunzi aliyekuja akitaka hadithi ya simba wa msituni huona kwamba wengi waliokufa katika vita hivi walikuwa wadogo kuliko ndugu yake anayesoma shule ya msingi.

Baada ya hayo huwapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja amtafute mzee, wa kwao au wa jirani, amwulize maswali matano, aandike jibu kama lilivyosemwa bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa wapi wakati wa Hali ya Hatari? Alikuwa na umri gani? Aliona nini kwa macho yake? Alisikia nini kwa wengine? Ni jambo gani ambalo hajawahi kuulizwa? Swali hilo la mwisho ndilo huleta mengi.

Mwaka mmoja kazi hiyo ilirudi na majibu matatu ambayo sitayasahau. Msichana mmoja alileta maneno ya nyanya yake, aliyekuwa mtoto wa miaka saba katika kijiji cha Hali ya Hatari huko Murang'a. Alikumbuka mama yake akichukuliwa kila alfajiri pamoja na wanawake wengine kwenda kuchimba handaki la kuutenga msitu, akirudi jioni bila chakula. Mvulana mmoja, Mkikuyu pia, alileta maneno ya babu yake, ambaye baba yake alikuwa homgadi huko Nyeri, na ambaye tangu siku hiyo hakupenda kutaja kijiji alichotoka. Wanafunzi wengine walishangaa, maana walidhani kwamba Wakikuyu wote walikuwa kitu kimoja. Wa tatu alikuwa mvulana wa Kinandi. Baba wa babu yake alikuwa askari wa KAR. Alipigana Burma katika Vita Vikuu vya Pili, na baadaye akapelekwa msitu wa Nyandarua. Mvulana huyu alileta nishani ya mzee huyo imefungwa katika kitambaa, nayo ilikuwa na kipande cha fedha kilichoandikwa neno moja, Kenya.

Nishani ikapita mikono ya wanafunzi, mvulana yule akainuka, akasema, "Mwalimu, je, baba wa babu yangu alikuwa mtu mbaya?"

Msomaji, ungekuwa wewe ungemjibu nini? Kusema ndiyo ni kumtwika mtoto mzigo wa mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Kusema hapana ni kumwambia yule msichana kwamba handaki la mama wa nyanya yake lilikuwa si kitu. Sikujibu upesi. Niliwaomba wanafunzi wote waniambie ni mambo gani tungepaswa kuyajua kabla ya mtu ye yote kulijibu swali hilo. Wakataja moja moja, nami nikaandika ubaoni: aliambiwa kwamba anapigana na nani? Alitenda nini yeye mwenyewe? Je, aliweza kukataa amri, na angekataa angefanywa nini? Aliona nini, akanyamaza? Alipewa nini? Walipomaliza tukaona kwamba mengi kati ya hayo mzee alikwenda nayo kaburini.

Ndipo nilipowaambia jambo ambalo napenda nawe ulishike. Kueleza si kusamehe, na kufahamu si kukubali. Tunaweza kufahamu kwa nini askari alikwenda msituni na tukasema vile vile kwamba yaliyotendwa huko yalikuwa dhuluma. Nikamgeukia mvulana, nikamwambia kwamba mtoto hurithi habari za wazee wake, lakini harithi hatia yao. Habari ni wajibu wake kuzijua zote, tamu na chungu. Hatia ni ya aliyetenda.

Yule msichana aliomba kuitazama nishani. Akaigeuza, akalisoma lile neno kwa sauti, akasema, "Kwetu hakuna nishani." Hakulisema kwa hasira. Mvulana hakujibu neno. Alifungua daftari lake, chini ya jibu la babu yake akaandika jibu la nyanya wa msichana yule, habari zote mbili katika ukurasa mmoja. Kengele ikalia. Sikuwa na la kuongeza.

Labda utasema kwamba haya ni mambo ya zamani, na ya mahali pengine. Nyeri na Murang'a ni mbali na Eldoret. Nakujibu kwamba matokeo ya vita hayakai mahali vilipopiganwa. Vita vilipoanza, makumi ya maelfu ya maskwota wa Kikuyu walifukuzwa katika mashamba ya Bonde la Ufa, wakarudishwa katika maeneo ambayo wengi hawakuwa na ardhi. Mwaka 1954 serikali ilianza mpango wa Swynnerton wa kuunganisha mashamba na kutoa hati, hali wengi wenye kudai ardhi walikuwa kambini. Waliotoka walikuta mipaka imekwisha kupigwa. Tangu mwaka 1962, kwa mikopo ya Uingereza, mashamba ya walowezi yalianza kununuliwa na kugawiwa Waafrika, na wasiokuwa na ardhi kwao walijiunga katika makampuni na vyama vya kununua mashamba, wakaja mpaka Uasin Gishu. Wenyeji nao walikuwa na kumbukumbu yao: ardhi hiyo babu zao walinyang'anywa na mkoloni, nao hawakuona kwa nini iuzwe badala ya kurudishwa. Aliyenunua alikuwa na hati, na aliyenyang'anywa alikuwa na kumbukumbu, na kila mmoja aliona haki yake wazi kama jua.

Matokeo yake unayajua. Watu waliuana na kufukuzana katika sehemu hizi mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 walikufa katika Kenya nzima. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Sisemi kwamba moto huo uliwashwa na vita vya 1952; uliwashwa na ugomvi wa uchaguzi na uchochezi wa wanasiasa. Lakini kuni zilikuwa zimekusanywa kwa miaka mingi, na vijana waliozibeba walikuwa wamelelewa kwa hadithi za upande mmoja.

Mzazi mmoja alinijia shuleni kwa ajili ya masomo haya. Alikuwa mtu mpole, naye alisema kwa adabu. "Mwalimu," akasema, "sisi tuliikimbia nyumba yetu mwaka 2008, tukarudi, tukapatana na majirani. Kwa nini unafukua makaburi mbele ya watoto?" Nilimheshimu, maana alisema kwa uchungu alioujua, na katika jambo moja alisema kweli: kidonda hakishikwi kwa mkono mzito. Kwa sababu hiyo simwambii mtoto ye yote asimulie mbele ya wenzake yaliyoipata nyumba yao mwaka 2008, na wala simwiti mwanafunzi asemee kabila lake, kwa sababu hakuna aliyemchagua kulisemea. Lakini katika jambo la pili sikukubaliana naye. Methali husema: mwenye kovu usidhani kapoa. Watoto hawa wanazijua habari za vita kabla hawajaja kwangu. Wamezisikia jikoni, katika matatu, na katika simu zao, kwa minong'ono na kwa matusi. Kama mimi nikinyamaza, hawataacha kujifunza. Watajifunza kila mmoja peke yake, kwa mwalimu asiyetaka wamjue jirani. Darasani angalau watajifunza huku mtoto wa jirani ameketi karibu, akisikia yale yale, na akiweza kuinua mkono kusema kwamba kwao ilikuwa vingine. Mzazi yule hakuniambia kwamba nimemshinda, wala mimi sikutaka kumshinda. Aliniomba niende polepole, nami nikamwahidi.

Mitihani ya taifa huuliza sababu tano na matokeo matano ya vita, na ni haki kuulizwa. Mwanafunzi asiyejua tarehe hujenga hoja zake juu ya mchanga. Nami huzifundisha sababu hizo na kuzirudia mpaka zikae. Lakini sababu tano zilizokaririwa hazikumzuia mtu ye yote kushika kiberiti. Linaloweza kumzuia ni mazoea ya kusimama kidogo na kuuliza, na mazoea hayo hujengwa polepole, somo baada ya somo, kama misuli ya mkimbiaji ijengwavyo katika vilima vya Iten.

Basi nakusihi, kijana unayesoma, uwe Eldoret au pengine po pote, ufanye hivi kila usomapo habari za vita. Uliza ni nani aliyevipa vita jina lake. Uliza ni nani aliyeandika habari hizo, na alikuwa akila kwa nani. Uliza ni nani asiyetajwa, maana aghalabu wasiotajwa ni wanawake na watoto, nao ndio wengi. Uliza kilichobaki baada ya bunduki kunyamaza: ni nani aliyepata ardhi, ni nani aliyeikosa, na ni sheria gani iliyoandikwa siku hizo ambayo ingali inafanya kazi. Ukiona kwamba majibu yote yanamsifu babu yako, jua kwamba hujamaliza kuuliza. Ukiona kwamba yote yanamlaani, pia hujamaliza.

Tena usikawie. Mtu aliyekuwa na miaka kumi Hali ya Hatari ilipotangazwa sasa amekwisha kupita themanini. Yuko katika boma la jirani, au kwenye benchi nje ya zahanati, au katika chumba cha nyuma cha nyumba yenu, na pengine hapana aliyepata kumwuliza. Chukua daftari, mwamkie kwa heshima, keti, uyaandike atakayokuambia kama yalivyo. Kisha nenda kwa mzee wa upande wa pili ufanye vivyo hivyo.